Dagaa si Chakula cha Kuku tu



Sisi wa Butimba ni watu wa ziwani. Usiku usio na mbalamwezi tunaona taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka majini kama mji mwingine. Asubuhi dagaa wanafika sokoni. Lakini mtu akiulizwa, "Leo mboga gani?" hujibu kwa aibu, "Ah, dagaa tu!"

Aibu ya nini? Dagaa wengi wa ziwa letu husagwa kuwa chakula cha kuku. Mfugaji anajua kuwa kuku akila dagaa hukua upesi. Je, mtoto wetu yeye hastahili kukua?

Mwaka 1975 wazee wetu walijifunza chakula bora katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Somo hilo halijaisha. Ugali hujaza tumbo, lakini peke yake haujengi mwili.

Dagaa ana nini?

Dagaa hujenga mwili. Tena, sangara tunakula mnofu, mifupa tunatupa. Dagaa tunamla mzima, kichwa na mifupa. Hivyo tunapata madini ya chokaa, yanayoimarisha mifupa na meno. Tunapata pia madini ya chuma, yanayoongeza damu. Mama mjamzito na mtoto mdogo wanayahitaji sana.

Tumpikeje?

Tuchague dagaa walioanikwa juu ya chanja. Walioanikwa mchangani hushika uchafu. Tuwaoshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe.

Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi kwa mafuta kidogo. Tia nyanya, kisha dagaa. Koroga karanga zilizotwangwa kwa maji, mimina, acha vichemke. Ukishaepua, kamulia ndimu.

Viungo hupunguza shombo. Wenzetu wa Indonesia nao hutia samaki manjano na tangawizi, wakamfunga katika jani la mgomba na kumpika. Ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai tuinywe baadaye, maana ikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo.

Mtoto aliyetimiza miezi sita naye asisahauliwe. Kaanga dagaa safi bila mafuta wala chumvi, twanga, chekecha. Tia kijiko kidogo cha unga huo katika uji unaochemka.

Basi ndugu, dagaa tuuze, fedha tunazihitaji. Lakini kabla gunia halijafungwa, tutoe kwanza kibaba cha watoto wetu.