Muziki na Mashine (Sehemu ya 4): Francis Bebey na Studio ya Nyumbani

Kutolewa kwa albamu ya Trésor Magnétique mwaka 2025, kutokana na kanda za sumaku alizoziacha mwanamuziki Francis Bebey, kunatosha kumtanguliza mbele ya wengine tuliowaahidi katika mfululizo huu. Ujio wa kanda na kinanda cha umeme tumeshaupitia katika sehemu zilizotangulia, hatutaurudia. Hoja ya leo ni kwamba studio ya nyumbani, ambayo wengi huiona kimbilio la asiye na fedha, kwa Bebey ilikuwa uamuzi wa mtu anayejua anachokitaka. Alizaliwa Douala, Kamerun, mwaka 1929, akawa mtangazaji wa redio, kisha mwandishi ambaye riwaya yake Le Fils d'Agatha Moudio ilimpatia Tuzo Kuu ya Fasihi ya Afrika Nyeusi, na hatimaye mkuu wa idara ya muziki UNESCO, Paris. Angeweza kustaafia hapo, akiandika ripoti juu ya muziki wa wenzake. Mwaka 1974 aliiacha kazi hiyo, akajifungia nyumbani na gita, sanza, kinanda na mashine ya midundo. Alipiga, akaimba, akarekodi mwenyewe, na rekodi akazitoa kwa lebo yake, Ozileka.

Wako watakaopinga, wakisema kwamba muziki wa Kiafrika ni wa uwanjani, wa ngoma na kiitikio, na kwamba mtu aliye peke yake na mashine ameusaliti. Pingamizi hili lina heshima yake, lakini limeisahau n'dehou, na hapa inafaa kukawia. N'dehou ni filimbi ya mwanzi ya watu wa misitu ya Afrika ya Kati, wale ambao vitabu vya zamani viliwaita Mbilikimo. Hutoa noti moja tu. Mpigaji huipuliza, huondoa mdomo na kuimba noti nyingine, hurudi kupuliza, kwa kasi ambayo msikilizaji hudhani wako wawili wanaojibizana. Uhaba wa noti ndio uliomfundisha mpigaji ufundi. Vijana wenye sauti elfu moja ndani ya kompyuta wangelitafakari hilo kabla ya kulalamika kuwa hawana vifaa. Sanza nayo, ala ya vijiti vinavyopigwa kwa vidole gumba, ni ndugu wa ilimba ya Wagogo, ile aliyoipeleka mwanamuziki wa Tanzania Hukwe Zawose duniani, na mtu mmoja akiishika mikononi hupata mdundo na sauti ya nyimbo kwa pamoja. Basi Bebey alipoirekodi sauti yake, akairudisha kanda na kuimba juu yake, hakuwa ameiacha mila. Aliiongezea mkono wa tatu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Bebey alikuwa msomi wa Paris, tusimlinganishe na kijana wa Mbagala, Dar es Salaam. Ni kweli. Lakini kompyuta ya kawaida ya leo inazipita kwa mbali mashine zake za miaka ya 1970, na bado chumba baada ya chumba hutoa biti ileile iliyopakuliwa, na mapenzi yaleyale ya kuazima. Alichokuwa nacho Bebey, na ambacho hakiuzwi dukani, ni ujasiri wa kuimba Kiduala akitaka na kufanya mzaha akitaka, bila prodyuza wa kumwambia soko linataka nini. Soko lenyewe lilimfuata baadaye: mwaka 2017 bendi ya Arcade Fire ya Kanada ilichukua filimbi ya wimbo wa Bebey, The Coffee Cola Song, kwa wimbo wake Everything Now, na mwana wa Bebey, Patrick, akaipuliza.

Na Trésor Magnétique imewezekana kwa sababu kanda zilitunzwa, miaka mingi baada ya mwenyewe kufariki mwaka 2001. Kwa hiyo mwenye studio chumbani asifute faili za awali ili kupata nafasi. Aandike tarehe na majina ya wapigaji, aweke nakala mahali pawili tofauti, na aliye Tanzania asajili kazi yake kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kabla ya kuipeleka redioni.