Istilahi na Vipimo katika Uteuzi wa Springi za Mgandamizo za Chuma Kisichoshika Kutu: Mfano wa Ukarabati Mdogo Gisenyi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua springi ya mgandamizo ya chuma kisichoshika kutu kwa kazi za ukarabati mdogo. Mfano unaotumika ni vali ya bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa za mimea, kifaa cha kawaida kwa wakulima wa viazi wilayani Rubavu. Hoja kuu ni kwamba uteuzi sahihi hutegemea mambo mawili yasiyotenganika: vipimo vinavyoweza kuhakikiwa na istilahi inayovitaja bila utata.

1.0 Utangulizi

Gisenyi, mji mkuu wa Wilaya ya Rubavu, umejengwa kando ya Ziwa Kivu na kupakana moja kwa moja na Goma. Bidhaa, mafundi na maneno huvuka mpaka huo kila siku. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa hiyo, fundi aliyejifunza kazi kwa Kifaransa anaweza kuita resori kile ambacho mwanagenzi wake anakiita springi, ilhali kamusi za Kiswahili zinalo pia neno kamani, lililozoeleka zaidi kwa saa.

Tofauti hizo za majina hazina madhara makubwa pale mnunuzi na muuzaji wanapokuwa na sampuli mikononi. Madhara huanza sampuli inapokuwa imevunjika au kupotea, au agizo linapotumwa kwa simu kwenda Kigali au ng'ambo ya mpaka. Katika nyanda za juu zenye ubaridi na unyevu, ugonjwa wa ukungu wa viazi huenea kwa siku chache tu. Bomba lililolala karakanani kwa sababu ya springi isiyofaa linaweza kumgharimu mkulima mavuno yake.

2.0 Utata wa Jina la Chuma

Utata wa kwanza unahusu chuma chenyewe. Katika kamusi za karne ya 20, chuma cha pua ni chuma kigumu cha kutengenezea visu na zana, bila kujali kama kinashika kutu. Katika matumizi ya leo, hasa katika matangazo ya vyombo vya jikoni, maneno hayohayo humaanisha chuma kisichoshika kutu. Anayeomba "springi ya chuma cha pua" anaweza kupewa waya wa kaboni na muuzaji asiwe amedanganya. Makala haya yanatumia chuma kisichoshika kutu kwa aloi yenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na chuma cha kaboni kwa waya wa kawaida wa springi.

Macho hayatoshi kuzitofautisha, kwa kuwa waya wa kaboni uliopakwa zinki nao hung'aa. Sumaku nayo ina mipaka. Wengi huamini kwamba chuma kisichoshika kutu hakivutwi kabisa na sumaku. Imani hiyo ni sahihi kwa kiasi fulani kuhusu bamba la sufuria, lakini waya wa springi huvutwa ukiwa baridi ili upate nguvu, na kazi hiyo huupa usumaku kiasi. Hivyo basi, springi inayovutwa kidogo haipaswi kukataliwa kwa sababu hiyo pekee; inayonasa kwa nguvu ndiyo ya kushukiwa. Ushahidi ulio bora ni daraja lililoandikwa na mtengenezaji, kwa mfano 302, 304 au 316.

3.0 Vipimo Vinavyotakiwa

Springi ya mgandamizo hutajwa kwa vipimo vitano: unene wa waya, kipenyo cha nje, urefu ikiwa huru, idadi ya mizunguko na umbo la ncha. Vinne vya kwanza hupimwa au kuhesabiwa kwa kalipa na jicho. Kuhusu ncha, ni lazima ielezwe kama mzunguko wa mwisho umefungwa na kama umesagwa uwe bapa, kwa kuwa ncha iliyosagwa hukaa wima zaidi. Mizunguko inayofanya kazi ni ile inayobaki baada ya kuondoa ya ncha zilizofungwa, kwa kawaida mmoja kila upande.

Hapa unajitokeza utata wa pili. Neno ugumu hutumika kwa sifa mbili tofauti: uwezo wa chuma kustahimili kukwaruzwa, na kiasi cha nguvu kinachohitajika kubonyeza springi kwa milimita moja. Makala haya yanaiita sifa ya pili ukakamavu. Ukakamavu hupatikana kwa kuzidisha moduli ya ukataji ya chuma kwa unene wa waya uliopandishwa kwa kipeo cha nne, kisha kugawanya kwa zao la nane, kipenyo cha wastani kilichopandishwa kwa kipeo cha tatu, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Kipenyo cha wastani ni kipenyo cha nje ukiondoa unene mmoja wa waya.

Kipeo cha nne ndicho kinachowaponza wengi. Waya ukizidi unene kwa asilimia 10 tu, vipimo vingine vikibaki vilevile, ukakamavu huongezeka kwa takriban asilimia 46.

4.0 Mfano wa Hesabu

Tuchukulie springi ya vali yenye waya wa milimita 1.0, kipenyo cha nje cha milimita 9, mizunguko 10 ambayo 8 kati yake hufanya kazi, na ncha zilizofungwa na kusagwa. Kwa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 302, moduli ya ukataji ni takriban nyutoni 70,000 kwa milimita mraba. Ukakamavu unakuwa nyutoni 2.1 hivi kwa milimita. Ikichukuliwa mbadala ya waya wa milimita 1.2 yenye kipenyo cha nje kilekile na mizunguko ileile, ukakamavu hufika takriban nyutoni 4.8, yaani zaidi ya maradufu, ingawa springi zote mbili zinaingia vizuri katika tundu moja.

Tatizo haliishii hapo. Springi ya kwanza ikibonyezwa hadi mizunguko igusane huwa na urefu wa milimita 10. Ya pili, milimita 12. Ikiwa vali iliyofunguka kikamilifu huacha nafasi ya milimita 11, springi ya pili itakwama kabla vali haijafunguka, na dawa itatoka kidogo kuliko inavyotakiwa.

Kukata springi ndefu ili itoshee ni desturi inayoeleweka, lakini nayo hubadili hesabu. Mizunguko inayofanya kazi ikipunguzwa kutoka 10 hadi 8, ukakamavu hupanda kwa asilimia 25, na ncha iliyokatwa hupoteza ukalio wake. Kinyume chake, springi ya kaboni ikibadilishwa kwa ya chuma kisichoshika kutu yenye vipimo vilevile, nguvu hupungua kwa takriban sehemu moja ya nane.

5.0 Mazingira ya Kazi na Usalama

Kwa maji baridi na dawa nyingi za kawaida, madaraja ya 302 na 304 hutosha, mradi bomba lisuuzwe baada ya kazi. Kloridi ndiyo adui mkuu: dawa ya klorini ya kusafishia vyombo, ikiachwa ndani, huweza kutoboa chuma hicho kwa vijitundu vidogo. Daraja la 316, lenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, hustahimili zaidi. Kwa hiyo jina "kisichoshika kutu" nalo lisichukuliwe neno kwa neno.

Springi za vali za usalama, kama zile za vyungu vya mvuke, ziwekwe kando na makadirio yote haya. Springi yenye ukakamavu uliozidi huchelewesha vali kufunguka na inaweza kusababisha mlipuko. Hizo zibadilishwe kwa kipuri cha mtengenezaji pekee.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mfano huu mdogo unaonesha kwamba kuifanya lugha kuwa rasmi hakutoshi ikiwa haiwezi kuagiza kipuri. Shirika la Kimataifa la Viwango lilikwisha kuchapisha istilahi za springi katika kiwango ISO 26909 mwaka 2009. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mashirika ya viwango ya nchi wanachama yana mahali pa kuanzia.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, chuma cha pua kiwekewe fasili moja katika viwango na mitalaa ya ufundi, na ukakamavu utenganishwe na ugumu. Pili, vyuo vya ufundi vya mipakani vifundishe springi na resori kama visawe, kwa kuwa kufuta neno lililo hai midomoni mwa mafundi hakutaondoa utata. Tatu, iandaliwe fomu ya agizo ya ukurasa mmoja yenye vipimo vitano, daraja la chuma na mazingira ya kazi. Fomu hiyo ikijazwa sawasawa, fundi wa Gisenyi na muuzaji wa Goma wataelewana hata kama kila mmoja analitaja kwa jina lake.