Fahamu: Kumfundisha mtoto pesa asiyoiona

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, pesa nyingi za nyumbani hazipiti tena mkononi. Mtoto husikia mlio wa ujumbe tu, kisha unga unafika. Ndiyo maana kibubu bado kinamfaa mdogo: anakitikisa, anahesabu sarafu, anaona zikipungua.

Kijana wa sekondari anahitaji zaidi. Mpe pesa ya vitafunio ya wiki nzima kwa mkupuo. Ikiisha Jumatano, usimwongezee. Inauma, lakini ni heri aumie sasa kwa mandazi kuliko baadaye kwa mkopo wa simu. Someni pamoja ujumbe wa muamala: kiasi, ada, salio. Ada ya kutoa hupangwa kwa viwango, hivyo anayetoa kidogo kidogo kwa kawaida hukatwa zaidi ya anayetoa mara moja. Mwache apige hesabu mwenyewe.

Zungumzeni pia kuhusu kubeti. Sheria za Kenya na Tanzania zinawakataza walio chini ya miaka 18, ila matangazo hayawabagui. Mweleze wazi kwamba faida ya kampuni hutoka kwa wanaopoteza.

Na namba ya siri hapewi yeyote, hata anayejiita mhudumu wa mtandao.