Waliobaki ni Mabinti

Maradhi ya kazi yangu ni haya: kila nikisoma habari za mtu mkubwa wa zamani, naruka vita na kwenda moja kwa moja kwenye wosia. Nimekula miaka yangu ya uwakili hapa Mombasa kwenye kesi za mirathi, na nimejifunza kwamba mtu hujulikana vizuri pale anapogawa kuliko pale anapochuma. Ndivyo nilivyokutana na William Marshal, bwana wa Kiingereza aliyewatumikia wafalme watano, mmoja wao akiwa amevikwa taji bila kupewa nchi ya kutawala.

Basi tuanze na kitanda cha mauti. Ni mwaka 1219, Caversham, kando ya mto Thames. Mzee ana umri wa miaka sabini na kidogo. Ana wana watano na mabinti watano, na wakati huo ndiye mtawala halisi wa Uingereza, kwa kuwa mfalme ni mtoto na yeye ndiye wasii wake. Mkewe Isabel yuko karibu, pamoja na watoto na askari wa nyumba yake. Mwana wa kwanza, William, ndiye mrithi mkuu. Richard anapewa ardhi za Normandy, Ufaransa. Gilbert ameshaelekezwa kwenye ukasisi. Walter anapata ngome ya Goodrich. Kitinda mimba wa kiume, Anselm, hapewi kitu. Mzee anasema anampenda sana mtoto huyu, lakini akikua na kuwa shujaa atajitafutia mwenyewe, kama baba yake alivyojitafutia. Hapo rafiki yake wa miaka mingi, John wa Earley, anamsihi, na mzee anakubali kumkatia ardhi ya kumsaidia kuanza maisha. Joan, binti ambaye bado hajaolewa, naye anawekewa fungu lake.

Maneno yake kuhusu Anselm hayakuwa ukatili. Yeye mwenyewe alizaliwa yapata mwaka 1147 akiwa mwana wa nne, na kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule ardhi ilikwenda kwa wa kwanza. Ukoo wake ulirithishana kazi ya kusimamia farasi na nidhamu ya nyumba ya mfalme, na jina la kazi likawa jina la ukoo, lakini kazi hiyo haikumhusu mtoto wa nne. Isitoshe, baba yake aliwahi kumweka rehani. Mwaka 1152 Mfalme Stephen aliizingira ngome ya Newbury. Mzee John Marshal aliomba muda ili asalimishe ngome, akamtoa William mdogo kama dhamana, kisha akautumia muda huo kuingiza askari na chakula. Mfalme akatishia kumnyonga mtoto. Baba akajibu kwamba nyundo na fuawe bado anazo, anaweza kufua wana wengine walio bora zaidi. Mtoto hakunyongwa. Inasimuliwa kwamba Stephen alimwonea huruma, hata akaonekana hemani akicheza naye kwa vijiti vya majani.

Niseme wazi simulizi hizi zimetoka wapi, maana mahakamani ningeulizwa. Baada ya kifo chake, mwanawe wa kwanza aligharimia utenzi mrefu wa sifa kwa Kifaransa, mistari zaidi ya 19,000, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zake zilitoka kwa yule John wa Earley. Utenzi huo ulisahaulika kwa karne nyingi, hadi msomi wa Kifaransa, Paul Meyer, alipouona kwenye mnada London mwaka 1861, ukanunuliwa na mwingine, na Meyer akautafuta kwa miaka ishirini kabla ya kuupata. Sasa nakala yake iko New York. Ni ushahidi wa upande mmoja, umelipiwa na familia. Lakini shahidi wa upande mmoja naye husema kweli mara nyingi, hasa kwenye mambo asiyoona faida ya kuyaficha. Mwana aliyelipia hakufuta kwamba babu yake alikuwa tayari kumtoa mtoto wake. Mimi hilo naliamini.

Alipofikia ujana alipelekwa Normandy kwa jamaa ya mama yake, bwana wa Tancarville, kujifunza vita vya farasi. Hakurudi na ardhi, alirudi na mikono. Riziki yake ya mwanzo ilitokana na mashindano ya vita, ambayo hayakuwa michezo ya uwanjani kama sinema zinavyoonyesha. Makundi ya askari yalipambana mashambani maili nyingi, na aliyemkamata mwenzake alichukua farasi na silaha zake, kisha akadai fedha za kumkomboa. Kwa ubia na mwenzake mmoja, Marshal aliwakamata 103 katika muda usiofika mwaka, na makarani ndio walioandika hesabu hiyo.

Mwaka 1168 mjomba wake aliuawa katika shambulizi la kuvizia huko Poitou. William akapigana peke yake mgongo ukiwa kwenye ua wa miti, akajeruhiwa na kutekwa. Malkia Eleanor wa Aquitaine ndiye aliyemkomboa, na tangu siku hiyo mlango wa jumba la kifalme ulimfungukia. Akawekwa kumfundisha vita Henry Kijana, mwana wa mfalme, yule aliyevikwa taji bila kupewa nchi. Henry huyo alipokufa mwaka 1183, Marshal alikwenda Yerusalemu kutimiza nadhiri ya marehemu. Aliporudi akamtumikia baba, Henry II, dhidi ya mwanawe mwingine, Richard. Mwaka 1189, karibu na Le Mans, Richard alikuwa anamfukuza baba yake bila kuvaa deraya. Marshal akamgeukia na mkuki, akaua farasi na kumwacha mpandaji. Wiki chache baadaye baba alikufa na Richard akawa mfalme. Wengi wangekimbia. Marshal alikwenda kusimama mbele yake, na Richard, ambaye alijua thamani ya mtu asiyemgeuka bwana wake, akampa mke.

Mke huyo ndiye kiini cha mambo yote. Isabel de Clare alikuwa yatima wa miaka kama 17, na bwana harusi alikuwa amevuka 40. Baba yake, Richard de Clare aliyejulikana kwa jina la Strongbow, ndiye aliyeingia Ireland na jeshi. Mama yake, Aoife, alikuwa binti wa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster. Yatima mwenye mali aliwekwa chini ya ulezi wa mfalme, na mfalme ndiye aliyeamua ataolewa na nani. Kwa siku moja askari asiye na shamba la maana akawa bwana wa Chepstow kwenye mpaka wa Wales, wa jimbo zima la Leinster, na wa ardhi nyingine Normandy. Cheo cha Erli wa Pembroke kilifuata mwaka 1199. Isabel hakuulizwa. Mlezi wa namna hiyo akija ofisini kwangu leo, namwandikia barua kali kabla hajamaliza chai.

Lakini msidhani alikuwa mapambo. Mwaka 1207 Mfalme John, aliyemshuku kila mtu, alimwita Marshal kutoka Ireland. Kabla ya kuondoka, Marshal alimsimamisha Isabel, mjamzito, mbele ya wakubwa wa Leinster, akawakumbusha kwamba ardhi hii ni ya baba yake huyu mwanamke, na yeye mwenyewe ameipata kupitia kwake tu. Maadui walipomzingira katika ngome ya Kilkenny, huko huko Leinster, Isabel alimteremsha mtu ukutani kwenda kuomba msaada. Walioanzisha vita ndio walioishia kuomba amani.

Mfalme John aliwachukua wana wawili wakubwa wa Marshal kama rehani. Yule mtoto wa Newbury sasa alikuwa baba, na akawatoa. Tofauti ni kwamba yeye hakuvunja ahadi yake, na wana wakarudi wakiwa hai.

John alipokufa Oktoba 1216, nusu ya mabwana wa Uingereza walikuwa upande wa mwana wa mfalme wa Ufaransa. Henry III alikuwa na miaka tisa. Marshal, karibu na sabini, alikubali uwasii. Akautoa upya Mkataba Mkuu, Magna Carta, ambao John alikuwa ameukana, na mwezi Mei 1217 aliongoza mwenyewe jeshi kuingia Lincoln, kwa haraka hadi akasahau kofia ya chuma, akakumbushwa na kijana mtumishi. Wafaransa wakashindwa, na kabla ya mwaka kuisha wakaondoka.

Turudi Caversham. Siku za mwisho karani mmoja alishauri mavazi 80 yaliyokuwa stoo yauzwe ili fedha zitolewe sadaka kwa ajili ya roho yake. Mzee alikasirika: mavazi ni haki ya askari wake, wagawiwe. Alijiunga pia na watawa wapiganaji wa Tempel, na kwa kuwa sheria yao ilikataza kumbusu mwanamke, akamwomba Isabel ambusu kabla. Wote wawili walilia. Alifariki tarehe 14 Mei 1219, akazikwa katika kanisa la Tempel jijini London. Isabel alimfuata mwaka uliofuata.

Sasa mirathi. William wa pili alikufa mwaka 1231, bila mtoto. Richard akashika nafasi, akaasi dhidi ya mfalme yule yule ambaye baba yake alimlea, akafa kwa majeraha Ireland mwaka 1234, bila mtoto. Gilbert aliacha ukasisi, akauawa na farasi kwenye mashindano mwaka 1241, bila mtoto wa halali. Walter alikufa Novemba 1245. Anselm, yule aliyenusurika kunyimwa, alikufa Desemba ya mwaka huo huo. Wengine walisema ni laana ya askofu wa Ferns, Ireland, aliyenyang'anywa mashamba na baba yao.

Hapo sheria ikageuka. Ardhi isiyo na mrithi wa kiume haikwenda kwa binti mkubwa peke yake, bali iligawiwa mabinti wote sawasawa. Kadhi wetu angewapa mabinti fungu lao tangu siku ya kwanza, nusu ya la kaka zao. Waingereza waliwanyima yote, kisha wakawapa yote. Wakati wa kugawa, mwaka 1247, Maud peke yake ndiye aliyekuwa hai, hivyo mafungu ya dada zake yalichukuliwa na watoto wao. Sibyl alikuwa ameacha mabinti saba, na Kildare, fungu lake, ikakatwa vipande saba. Pembroke ilikwenda kwa binti wa Joan. Na Isabel, binti wa pili, alizaa binti aliyeolewa katika ukoo wa Bruce wa Scotland. Mjukuu wa binti huyo, kilembwe cha William Marshal, ndiye Robert Bruce, aliyetawazwa mfalme wa Waskoti mwaka 1306 na kulishinda jeshi la Uingereza huko Bannockburn mwaka 1314.