Ngoma ya mwami, bao la wote

KAMBI ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 ilipokea pia maelfu ya Warundi, watu wa nchi ambako zamani ngoma haikuwa ya kila mtu.

Katika Kirundi, neno "ingoma" lina maana mbili: ngoma na ufalme. Ngoma kubwa zilikuwa za mwami. Zilisikika katika sherehe kama umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, na wapigaji walitoka katika koo maalumu zilizorithishana kazi hiyo. Wengine walisikiliza tu.

Bao halikuwa na mlinzi. Katika nchi za Maziwa Makuu, mchezo huo wa vishimo 32 na kete 64 uliwaburudisha wakuu barazani na wachungaji malishoni, ambao walichimba vishimo ardhini na kucheza.

Hali hiyo haikuwa ya Burundi pekee. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1541 iliwakataza mafundi na vibarua kucheza tenisi, isipokuwa wakati wa Krismasi. Ile ya 1671 iliwaachia uwindaji wenye mali.

Ufalme wa Burundi ulikoma mwaka 1966, na ngoma zikawa fahari ya taifa. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Hata hivyo, Oktoba 2017 amri ya rais iliwazuia wanawake kuzipiga na kuzifungia katika sherehe rasmi.

Kwa Mrundi aliye uhamishoni, basi, swali la nani ana ruhusa ya kupiga ngoma halijawa historia.