Taa Kubwa ya Kutazama Ndani ya Vitu

Wasomaji wengi wamekwisha kupigwa picha ya mifupa hospitalini. Miali ile ya X, aliyoivumbua Röntgen mwaka wa 1895, inapenya nyama na kuonyesha kivuli cha mfupa. Lakini wastadi wanaitumia pia kwa kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa: kujua namna atomu zinavyopangwa ndani ya jiwe, chuma au chumvi.

Mwanga wa kawaida hauwezi kazi hiyo, kwani wimbi lake linapita atomu kwa urefu mara elfu kadhaa. Ni kama kuokota punje ya ulezi kwa jembe. Wimbi la mwali wa X, lenyewe, linalingana na nafasi iliyo kati ya atomu na atomu. Mwaka wa 1912, mjini München, wenzake Laue walipitisha miali hiyo katika fuwele ya mrututu, ikatoka imetawanyika kwa madoa yenye mpango. Madoa hayo yanasomwa kwa hesabu, na hesabu inasema kila atomu inakaa wapi.

Basi, mashini kubwa ni ya nini? Bomba la hospitali linatoa miali hafifu mno. Sinkrotroni ya Grenoble, katika Ufaransa, ni duara la mita 844. Humo elektroni zinazunguka karibu kwa mbio za mwanga, mara 355 000 hivi kwa sekunde moja. Kila zikipindishwa na sumaku zinatupa mwanga mkali mbele yao. Hapo kwanza mwanga huo ulihesabiwa kuwa hasara, maana uliziibia elektroni nguvu. Leo duara zinajengwa kwa ajili yake.

Tutwae mfano wa kobalti, ambayo Kongo inaitoa kuliko nchi nyingine zote. Katika batri nyingi za simu imo pamoja na oksijeni na litiumu, tabaka juu ya tabaka. Batri ikitiwa umeme, litiumu inatoka katikati ya tabaka. Ikitoka kama nusu, tabaka zinabaki imara. Ikizidi, mpango unavurugika na batri inachakaa upesi. Ukiipasua ili utazame, umekwisha kuuharibu mpango wenyewe. Kwa sinkrotroni inatazamwa nzima, katika kufanya kazi yake.

Afrika haina bado sinkrotroni hata moja. Iliyo karibu nasi ni SESAME ya Yordani, iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kuichungulia kobalti ya kwao hana budi kuandika maombi ng'ambo na kungoja zamu, na waombaji ni wengi kuliko zamu.