Mbwa Anayeitika Ndiye Anayechanjika

Katika maboma mengi ya Sigor, kaunti ya Bomet, na vijiji vya Chepalungu vinavyouzunguka mji huo, mbwa anajulikana kwa kazi moja: kubweka usiku. Mchana hufungwa mnyororo karibu na ghala la mahindi, jioni hufunguliwa akazunguka boma hadi alfajiri. Akikosea hupigwa. Akimfukuza mgeni hutupiwa makombo ya ugali. Mtoto wa mbwa aliyelelewa hivyo hukua akimshuku kila mtu, hata anayemlisha, na siku daktari wa mifugo anapofika na chanjo, hakuna bomani awezaye kumshika.

Hapo ndipo penye hatari. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishajitokeza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Mnamo 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka. Kiwango hicho hakifikiwi kwa kuwa na dawa ya kutosha tu. Mbwa asiyeshikika hurudi nyumbani bila chanjo, hata kama sindano ilikuwa tayari.

Kwa hiyo kumfunza mbwa akingali mdogo si anasa ya matajiri wa Nairobi. Ni sehemu ya afya ya kijiji, na haihitaji pesa nyingi.

Kazi huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya kumi na nne tangu kuzaliwa, ubongo wa mbwa hujifunza mambo yapi ya dunia ni ya kawaida na yapi ni ya kuogopwa. Atakachokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho hakitamtisha ukubwani. Basi aone bodaboda, mwavuli ukifunguliwa, watoto wakitoka shule, ng'ombe wakienda kunywa maji, lori la majani chai likipanda mlima kuelekea kiwandani. Siku ya soko mbebe mikononi, usimwache chini kunusa kila kitu, kwa sababu kabla chanjo zake za mwanzo hazijakamilika anaweza kuambukizwa magonjwa kama pavo, ambayo huua watoto wa mbwa kwa siku chache.

Kipindi hichohicho mzoeshe kuguswa. Kila jioni mshike masikio, umwinue miguu mmoja mmoja, umfungue mdomo, umfinye kidogo ngozi ya begani mahali sindano itakapopita, kisha mpe kipande cha chakula. Baada ya majuma machache, mkono wa binadamu mwilini mwake utakuwa habari njema kwake.

Amri ya kwanza ni kuitika. Chagua neno moja, la Kipsigis au la Kiswahili, na watu wote wa boma walitumie hilo hilo. Mchuchumalie mbwa huyo mdogo, mwite kwa sauti ya furaha, na akifika tu mpe kipande cha yai la kuchemsha, ini au omena. Chakula kitoke papo hapo. Kikichelewa, mbwa hatajua ametuzwa kwa lipi. Na usimwite kamwe ili kumpiga. Mbwa aliyeitwa akachapwa amefunzwa jambo moja tu, kwamba kuja ni hatari.

Baada ya kuitika hufuata kuketi, kutulia mahali, kutembea kando yako bila kuvuta kamba, na kuacha kitu anapokatazwa. Hili la mwisho ni muhimu sana katika nchi ya mifugo. Mbwa anayeacha kuku, mayai na kondoo wa jirani huepusha ugomvi mwingi kabla haujafika kwa chifu. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Mbwa mchanga huchoka haraka, na somo linalokatizwa akiwa bado na hamu ndilo analolikumbuka kesho.

Akishazoea amri hizi, unaweza kumwanzishia michezo ya vizuizi. Mchezo huu ulionyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1978, ukiigwa kutoka kwa mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Mbwa hukimbia bila kamba, huruka vijiti, hupita ndani ya handaki, hupanda daraja la mbao na kupenya kwa kupindapinda kati ya fito, mwenye mbwa akimwongoza kwa sauti na mkono tu. Huku kwetu maonyesho ya mbwa huandaliwa Nairobi na East Africa Kennel Club. Lakini uwanja wa mazoezi unaweza kuwa malisho ya nyuma ya nyumba: fito za mkaratusi, ubao mpana uliolazwa chini, pipa lililokatwa pande zote mbili na kingo zake kusagwa zisimkate.

Kwa mbwa mchanga kuna mpaka wa kuheshimiwa. Mifupa yake hukua kutoka sehemu laini zilizo karibu na viungo, na sehemu hizo hazikomai hadi afikishe mwaka au zaidi, hasa kwa mbwa wakubwa. Kuruka juu mara kwa mara kabla ya hapo kunaweza kumlemaza. Ndiyo maana sheria za mashindano Uingereza humtaka mbwa awe na miezi 18 kabla ya kushindana. Kwa sasa fito zilale chini, avuke kwa kutembea. Mfanyishe mazoezi kwenye nyasi, si kwenye murram, na jua lisiwe kali.

Wanaoamini kwamba mbwa hafunziki bila fimbo watazame wanaowategemea mbwa kwa kazi ngumu. Huko Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation lilianza mnamo 2014 kuwafunza mbwa na walinzi wao kunusa pembe za ndovu na za vifaru. Mbwa hao wamepelekwa kwenye bandari na viwanja vya ndege, Mombasa ikiwemo. Mbwa akigundua pembe iliyofichwa, ujira wake ni mpira wa kuchezea. Nako katika Mara Triangle, sehemu ya hifadhi ya Maasai Mara, askari wa wanyamapori hufuata nyayo za majangili wakiongozwa na mbwa. Mbwa anayefanya kazi kwa hofu hukosea na kuficha anachokijua. Anayefanya kazi kwa kupenda hutafuta hadi apate.

Mbwa aliyefunzwa hivyo ni rahisi kuchanjwa. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mbwa anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Serikali ya kaunti, machifu na shule zina nafasi hapa. Siku ya chanjo inaweza pia kuwa siku ya mafunzo: nusu saa ya kuwaonyesha watoto jinsi ya kumwita, kumketisha na kumshika mbwa wao. Mara nyingi watoto ndio huwaleta mbwa kwenye chanjo, na ni miongoni mwa wanaoumwa zaidi. Wakifunzwa wao, mbwa wengi zaidi watafika mezani kwa daktari, na kijiji kitakaribia ile asilimia 70 inayookoa maisha.